Chumba cha Elfu Sitini: Uchambuzi wa Kisa cha Mgeni wa Dar es Salaam

Kisa kinachochambuliwa hapa kinamhusu binti wa miaka ishirini na minne kutoka Mbinga, mkoani Ruvuma, aliyeingia Dar es Salaam mwishoni mwa Januari ili aanze kazi ya kutunza hesabu katika duka la jumla la vipuri Kariakoo. Majina ya wahusika yameachwa kwa makusudi. Nimekifahamu kisa hiki kwa karibu kwa kuwa ndugu zake waliniomba nikae katikati pale yeye na mwenye nyumba waliposhindwa kuelewana, hivyo niliusoma mkataba wao, nikaonana na mwenye nyumba, na nikaonyeshwa ujumbe wa simu ambao binti alikuwa akiandikiana na dalali.

Swali linalostahili kujibiwa ni hili: mtu makini, mwenye kazi ya uhakika, mwenye ndugu wa kumpokea na akiba ya shilingi laki tisa aliyoipata kwa kuuza kahawa ya nyumbani kwao na kwa kazi ya mkataba wilayani, aliwezaje kujikuta katika wiki ya saba hana nauli ya kwendea kazini? Ndugu zake walikuwa na jibu tayari, kwamba ametapeliwa na dalali. Baada ya kulipitia jambo lenyewe hatua kwa hatua sikukubaliana nao. Kila alicholipia binti huyu alikipata. Chumba kilikuwepo, kilikuwa na mlango, dirisha na sakafu ya saruji, na mwenye nyumba alikuwa mwenye nyumba wa kweli. Tatizo lilianza mapema zaidi, katika sebule ya mama yake mdogo.

Mama mdogo anaishi na mumewe na watoto watatu Gongo la Mboto, katika nyumba ya vyumba viwili na sebule. Alimpokea mtoto wa dada yake kwa furaha isiyo na mashaka. Baba mdogo alimfuata mwenyewe usiku katika stendi ya Magufuli pale Mbezi Luis, ambako mabasi ya mikoani yanashushia tangu stendi hiyo ilipochukua nafasi ya ile ya Ubungo mwaka 2021. Watoto wawili wakahamia sebuleni ili mgeni apate kitanda. Hakuna aliyesema atakaa mpaka lini, na hakuna aliyesema atachangia nini. Hili ndilo jambo la kwanza ninaloliona kuwa kosa, na ni kosa la pande zote mbili. Kwa adabu zetu, mwenyeji akiuliza mgeni ataondoka lini anaonekana anafukuza, na mgeni akitoa fedha mezani siku ya pili anaonekana anamdharau mwenyeji. Matokeo yake kila mmoja anabaki anasoma uso wa mwenzake.

Jioni moja, katika wiki ya pili, mama mdogo akiwa anachambua mchele alisema, pasipo kumlenga mtu, kwamba mwezi huu mchele umeisha mapema. Binti aliisikia kauli ile na usiku ule hakulala vizuri. Nilipomuuliza mama mdogo kuhusu siku hiyo hakuikumbuka kabisa. Alisema mchele wa nyumba yake huisha mapema kila mwezi watoto wanapokuwa likizo au wageni wanapopita, na kwamba yeye alikuwa ametegemea binti akae hadi Juni. Lakini binti alikwishaamua. Kesho yake, wakati wa mapumziko ya mchana, aliomba namba ya dalali kwa mfanyakazi mwenzake, na Jumapili iliyofuata akaenda kuonyeshwa chumba Kimara.

Inafaa kusimama kidogo katika Jumapili hiyo, kwa sababu karibu kila kilichokuja kumtesa baadaye kilikuwa wazi machoni pake siku ile. Dalali alimpokea kituo cha mabasi ya mwendokasi cha Kimara Mwisho saa sita mchana, akamlipisha shilingi elfu kumi ya kuonyeshwa vyumba, kisha akaita bodaboda mbili na kulipa nauli zote mbili yeye mwenyewe. Binti aliuchukulia huo kuwa ukarimu. Mtu aliyezoea mji angejiuliza kwa nini chumba kilichotangazwa kuwa “dakika tano kutoka barabarani” kinafikiwa kwa pikipiki, na angesema twende kwa miguu. Njia iliteremka bondeni, ikavuka kijito kikavu, ikapanda tena mlima wa kokoto. Uani kulikuwa na mapipa mawili makubwa ya bluu yenye vifuniko na safu ya madumu ya njano ya lita ishirini ukutani. Juu ya mlango wa korido kulikuwa na mita moja ya umeme. Aliyaona yote hayo na aliweza kunieleza baadaye bila kusahau hata moja, ila siku ile yalikuwa vitu tu vya uani.

Kodi ilikuwa shilingi elfu sitini kwa mwezi, kwa miezi sita mbele, yaani laki tatu na elfu sitini kwa mkupuo, pamoja na kodi ya mwezi mmoja kwa dalali kama ilivyo kawaida ya mji. Ukijumlisha na ile elfu kumi, laki nne na elfu thelathini zilitoka kabla hajanunua hata ndoo. Godoro, mtungi mdogo wa gesi, feni, pazia, beseni na vyombo vichache vikachukua karibu laki tatu nyingine. Kwa kuwa alianza kazi katikati ya mwezi, mshahara wake wa kwanza ulikuwa nusu ya laki tatu alizoahidiwa.

Wageni wengi huona udhalimu katika kodi ya miezi sita, na wanaotoka katika miji ambako mpangaji hulipa mwezi kwa mwezi hushangaa zaidi. Nami naona ni mzigo mkubwa, lakini nadhani ni muhimu kuelewa fedha hiyo inakwenda wapi. Mwenye nyumba katika kisa hiki ni mama mjane aliyejenga chumba kimoja kimoja kwa miaka mingi, bila mkopo wa benki, kama ilivyojengwa sehemu kubwa ya Dar es Salaam. Kodi ya mkupuo ndiyo inayomwezesha kulipa ada ya shule mwanzoni mwa mwaka au kununua mabati ya chumba kinachofuata. Akipokea elfu sitini kila mwezi zitaishia jikoni. Kwa hiyo fedha ikishalipwa haikai mahali inasubiri. Ndani ya wiki moja imeshakuwa ada. Jambo hili litaonekana umuhimu wake baadaye, pale suala la kurudishiwa lilipojitokeza.

Sasa tuje kwenye hesabu ya kila siku, ambayo ndiyo kiini cha kisa. Kimara ilichaguliwa kwa hoja moja iliyoonekana haina pingamizi: mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza kazi mwaka 2016, yanatoka Kimara kupitia Barabara ya Morogoro hadi Gerezani, na Gerezani ni Kariakoo. Kwenye ramani ya simu hoja hiyo ni sahihi. Lakini binti hakuwa anaishi kituoni. Kutoka chumbani hadi barabarani alihitaji bodaboda ya shilingi elfu moja asubuhi, na usiku, kwa kuwa duka lilifungwa saa moja na yeye alifika Kimara baada ya saa mbili, waendesha boda walitaka elfu moja na mia tano. Kwa siku ishirini na sita za kazi hiyo ni elfu sitini na tano kwa mwezi. Yaani alikuwa analipa kodi mara mbili, moja kwa mwenye nyumba na nyingine, iliyo kubwa kidogo, kwa bodaboda, na hapo nauli ya mwendokasi bado haijahesabiwa. Kutembea kulikuwa rahisi mchana, lakini alfajiri na usiku, kwa msichana peke yake na bonde lile katikati, sikuweza kumlaumu kwa kukataa.

Foleni ya asubuhi nayo ina habari yake. Aliyewahi kusimama Kimara Mwisho saa kumi na mbili na nusu anajua kwamba kupata nafasi ndani ya basi ni shughuli ya mabega, na kwamba basi la kwanza na la pili hujaa na kuondoka wewe ukiwa bado nyuma ya geti. Machi masika yakaanza. Mlima wa kokoto ukageuka utelezi, boda za asubuhi zikapanda hadi elfu mbili, na siku mvua ilipokuwa kubwa Mto Msimbazi ukafurika Jangwani, mabasi yakasitishwa, na watu waliotoka Kimara wakashushwa Magomeni wajitafutie njia. Kujaa maji kwa Jangwani si jambo geni. Mafuriko ya Desemba 2011 ndiyo yaliyofanya serikali iwahamishie baadhi ya wakazi wa bonde la Msimbazi Mabwepande. Wenyeji huliweka katika mipango yao ya masika. Mgeni aliyefika Januari jua likiwa kali hana namna ya kulijua asipoambiwa, na bosi wake hakuwa na subira na maelezo ya mafuriko. Siku tatu za kuchelewa zilikatwa kwenye mshahara.

Maji ni jambo la kushangaza kidogo kwa upande ule. Bomba kuu la mtambo wa Ruvu Juu, ulioko Mlandizi, linaleta maji hadi kwenye matangi ya Kimara, lakini kuishi karibu na tangi hakumaanishi maji yanapanda hadi kwenye mlima wako. Pale kwa mama mjane yalitoka kwa mgao, mara nyingi usiku wa manane, na yasipotoka dumu moja lililopandishwa na kijana wa mkokoteni lilikuwa shilingi mia tano. Mapipa ya bluu yalikuwa yanaeleza hilo tangu Jumapili ile.

Umeme nao, ingawa fedha yake ilikuwa ndogo, ndio uliovuruga uhusiano na wapangaji wenzake. Wapangaji watano walitumia mita moja ya LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, na kila mmoja alichanga elfu tano umeme ulipoisha. Mmoja wao alikuwa na friji na alikuwa anauza barafu na juisi. Binti alikuwa na taa, feni na chaji ya simu. Kuna jambo hapa ambalo wapangaji wengi hawalijui: mteja mdogo wa nyumbani ambaye hazidishi uniti 75 kwa mwezi huuziwa umeme kwa bei ya chini sana kuliko ya kawaida, lakini kaya tano zikikusanywa kwenye mita moja haziwezi kubaki chini ya kiwango hicho, hivyo masikini watano wanauziwa umeme kwa bei ya mtu mwenye nafasi. Zaidi ya hapo, tangu mwaka 2021 kodi ya majengo hukatwa kupitia LUKU, na kodi hiyo ni deni la mwenye nyumba. Anayenunua umeme ndiye anayekatwa. Binti aliliuliza hilo katika kikao cha uani, kwa heshima, kwa kuwa kazi yake ni hesabu na aliona makato kwenye ujumbe wa simu. Swali lilikuwa sahihi. Lakini aliliuliza mbele ya watu, akiwa mgeni wa mwezi mmoja, na mama mwenye nyumba akalipokea kama mashtaka. Kuanzia hapo salamu zikapungua.

Mwisho wa Machi aliomba kuondoka na kurudishiwa kodi ya miezi minne iliyobaki, shilingi laki mbili na arobaini elfu. Mama akajibu kwa kifupi: “Mwanangu, hela hiyo ilishakuwa ada.” Mkataba wao ulikuwa wa ukurasa mmoja, fomu ya kununua dukani, na haukusema lolote kuhusu mpangaji kuondoka kabla ya muda. Kibaya zaidi, haukuwa na shahidi zaidi ya dalali, na binti hakuwahi kwenda kujitambulisha ofisi ya serikali ya mtaa alikohamia. Barua ya utambulisho aliyompelekea mwajiri wake ilikuwa ya mtaa wa Gongo la Mboto, ambako mama mdogo alimpeleka kwa mjumbe ndani ya wiki ya kwanza. Tulipofika kwa mwenyekiti wa mtaa pale Kimara, yeye alikuwa anamfahamu mama mjane kwa miaka mingi na binti alikuwa anamwona kwa mara ya kwanza. Alitusikiliza kwa uungwana, lakini mizani ilikwishaelemea upande mmoja.

Binamu yake mmoja alishauri waende kisheria. Njia ipo: mgogoro wa namna hii hupitia kwanza Baraza la Kata, ambalo kwa marekebisho ya mwaka 2021 kazi yake katika mambo ya ardhi imebaki kusuluhisha tu na limepewa siku 30, na usuluhishi ukishindikana ndipo shauri hufikishwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Nilipinga kwenda huko. Kila siku ya kuhudhuria ingekuwa siku ya kukatwa mshahara, na mkataba wenyewe haukumpa binti hoja yenye nguvu. Kwa kuwa fedha haikuwepo tena mikononi mwa mama, hata ushindi ungekuwa wa kusubiri.

Ufumbuzi ulipatikana kwa kubadili swali. Badala ya kudai fedha kwa mama, tulimwomba akubali mpangaji mwingine arithi miezi iliyobaki na fedha impitie binti moja kwa moja. Mama alikubali kwa sharti la kumwona mtu huyo kwanza. Mtu mwenyewe alikuwa mmoja wa vijana wa bodaboda waliokuwa wakimbeba binti kila asubuhi, ambaye alikuwa analipa elfu themanini kwa chumba cha karibu na barabara na hakuwa na sababu yoyote ya kukaa karibu na barabara. Kwake umbali ule si gharama. Ni dakika sita za usukani wake mwenyewe, na mlimani anapata sehemu salama ya kulaza pikipiki. Alilipa laki moja na ishirini taslimu na nusu ya pili baada ya wiki tatu, na mkataba mpya ukaandikwa ofisi ya mtaa, mwenyekiti akiwa shahidi. Ndiyo maana nakataa kukiita chumba kile kibaya au bei yake ya ulaghai. Kilikuwa chumba kizuri cha mwendesha bodaboda, akapangishwa karani wa Kariakoo.

Je, angefanya nini tofauti? Watu waliohusika walinipa majibu ya tahadhari: asimwamini dalali, asome mkataba, aende na mwanaume. Yote yanafaa kiasi, lakini hayagusi chanzo. Kwa maoni yangu angebaki Gongo la Mboto hadi masika yapite. Daladala za Barabara ya Nyerere zinafika Kariakoo, nauli yake ni ndogo, na miezi mitatu au minne ya kwenda na kurudi ingemfundisha bei za vyumba, tabia ya foleni, na mitaa inayojaa maji, bila kumgharimu mkupuo wowote. Sharti pekee ni kwamba asikae kama mgeni. Angemwendea mama mdogo siku ya kwanza ya mshahara, faragha, na kumwambia: “Mama, naomba niwe nanunua mchele na mafuta ya mwezi, nikijipanga nitahama mwezi wa sita.” Maneno hayo yangemtoa mama mdogo katika kukisia na yeye katika haya. Mama mdogo aliniambia angeyapokea vizuri, na baba mdogo akaongeza kwamba wangempigia fundi pazia zito la kugawa sebule ili watoto walale kwa nafasi. Bila shaka kuna nyumba ambazo ushauri huu haufai. Mwenyeji anayeishi chumba kimoja na mkewe, au ndugu ambaye amani imekwisha kati yao, hawezi kuombwa miezi minne, na huko kupanga haraka ni lazima hata kwa hasara. Nyumba ya Gongo la Mboto haikuwa ya namna hiyo.

Binti hakurudi kwa mama mdogo ingawa aliitwa. Mwezi Aprili alipata chumba Ilala kwa shilingi laki moja na kumi, bei ambayo Februari angeicheka, na sasa anatembea hadi dukani. Ukilinganisha na elfu sitini za kodi na elfu sitini na tano za bodaboda, amepunguza elfu kumi na tano kila mwezi, mbali na nauli ya mwendokasi aliyoachana nayo, na anafika nyumbani kabla ya saa mbili. Mwenye nyumba wa Ilala alitaka miezi sita. Alikubali mitatu kwa kuwa mfanyakazi mwenzake anapanga uani hapo hapo na alisimama kama mdhamini. Safari hii alikwenda kukiona chumba kwa miguu, jioni ya siku ya kazi, mvua ikinyesha, akafungua bomba la uani mwenyewe, na akauliza mita ya LUKU inatumiwa na nani. Inatumiwa na wapangaji wawili, na wamekubaliana kwamba kodi ya majengo inayokatwa itatolewa kwenye kodi ya chumba. Kipengele cha kuondoka kabla ya muda kimeandikwa kwa mkono chini ya fomu: taarifa ya mwezi mmoja, na kodi iliyobaki irudishwe ndani ya miezi miwili au mpangaji alete mrithi. Mama mdogo alikuwa mmoja wa mashahidi. Zile elfu sitini za udalali wa Kimara hazikurudi, na dalali alipopigiwa simu alijibu kwamba kazi yake iliishia siku funguo zilipokabidhiwa.